Hakuna Mwanamume Humu Ndani

Watu wa mtaa wetu, hebu nisikilizeni, na simu mziweke kando. Nina jambo limenikaa kooni tangu majira ya joto yaliyopita, na nisipolisema litanitoa roho. Linamhusu jirani yangu Earline Tolliver, mchapakazi, mpishi hodari, sauti ya kutegemewa kwenye kwaya, na mkaidi kupita kiasi. Wengi wenu mnamjua. Wengi wenu pia, mnisamehe, ni walewale.

Tulikuwa tukikaa naye nyumba moja ya matofali, ghorofa tatu, familia moja kila ghorofa, kama nyumba nyingi za upande huu wa kusini wa Chicago. Mimi Marvella na mdogo wangu Claudine tulikuwa chini. Earline na Thurman wake walikuwa katikati. Juu alikaa mwalimu mstaafu, akafariki, pakabaki patupu.

Jumamosi moja mwezi wa sita tulikuwa kwenye kibaraza cha nyuma cha Earline tunacheza karata. Thurman alikuwa amesimama kwenye jiko la gesi, amevaa aproni ya Earline yenye maua, anakaanga kambale waliogaragazwa kwenye unga wa mahindi. Thurman ni pande la mtu, mpole, fundi wa mashine za kukatia nyasi. Alifanya kazi kiwanda cha vyuma mpaka mgongo ukamshinda, na tangu hapo anaishi kwa vibarua vya hapa na pale. Redio ilikuwa chini chini. Upepo wa ziwani ulikuwa umetukumbuka siku hiyo, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote.

"Shemeji, samaki anaungua," nilimwambia.

"Anayeungua ni wewe, kwa karata hizo ulizoshika," akanijibu bila kugeuka. "Nimeziona tangu ulipozipokea. Uso wako ni dirisha."

"Mwambie!" Earline akacheka. "Mwambie, baba, mpaka alie."

Ndipo mtu akabisha mlango wa mbele.

Sasa tazameni kilichotokea, maana ndicho kisa chenyewe. Earline alitupa karata zake mezani. Hakuuliza ni nani. Alisema neno moja tu, "Thurman!" na Thurman akavua aproni, akazima jiko, akachukua viatu vyake vilivyokuwa karibu na mlango, akashuka ngazi za nyuma hadi uani. Mtu wa miaka sitini na ushee, mgongo mbovu, anashuka ngazi na viatu mkononi! Wala hakununa. Alikuwa amezoea, kama wewe ulivyozoea kufunga mkanda ndani ya gari.

Na aliyebisha hodi ni nani? Ni mtoto wa mwenye nyumba. Kijana ambaye Thurman ndiye aliyekuwa akimtengenezea baiskeli alipokuwa mdogo. Anamjua Thurman vizuri kuliko anavyowajua wajomba zake. Lakini Earline hakuwa akimficha Thurman kwa sababu ya mtu fulani. Alikuwa akimficha kwa sababu ya hodi.

Kijana alikuja na habari mbaya, na aliona haya kuisema. Baba yao amefariki, wao watoto wameuza nyumba. Aliyenunua anataka kuibomoa ndani na kuifanya makao ya familia moja tu. Tuwe tumetoka kabla ya baridi kuanza.

"Familia moja?" Claudine aliuliza. "Ghorofa zote hizi? Wana watoto wangapi?"

"Sidhani kama wana watoto," kijana alisema akitazama viatu vyake.

Samaki wa siku ile hatukuwala. Niliwapa paka wa uani, na hata wao walikula bila furaha.

*

Mnaujua mtaa ulivyobadilika, sina haja ya kuwaeleza sana. Saluni ya Bi. Lucille sasa ni duka la kahawa. Kila asubuhi watu wanakimbia barabarani bila kufukuzwa na yeyote. Kodi imepanda mpaka vijana waliozaliwa hapa wanakuja Jumapili tu, kanisani, wakitafuta mahali pa kuegesha gari kwenye mtaa wao wenyewe.

Katika hayo yote likaota jengo la Juniper, pale kona palipokuwa na duka la samani. Juniper ni mti, mreteni, nami sijawahi kuuona karibu na pale, lakini ndivyo walivyoliita. Walitangaza kuwa ni nyumba za bei nafuu. Wakaitisha mkutano kwenye ukumbi wa chini wa kanisa letu, wakamtuma Bi. Kimbrough wa ofisi ya upangishaji. Binti wa kwetu kabisa, mama yake alisali hapa hapa.

Alieleza vizuri, haki yake nimpe. Alisema serikali huwapunguzia kodi ya mapato matajiri wanaotia fedha zao kwenye majengo kama lile. Nao, kwa malipo ya nafuu hiyo, hulazimika kuwapangisha watu ambao kipato chao hakizidi kipimo fulani. Wakimwingiza hata mmoja aliyezidi, nafuu yao ya kodi inaingia mashakani. Ndiyo maana ofisi inachungulia karatasi zako kama daktari anayechungulia koo.

Mzee Cleotha, shemasi wetu, akanyoosha mkono. "Nafuu, binti yangu. Nafuu ya nani?"

"Kipimo kinatokana na kipato cha kati cha eneo zima, mzee."

"Eneo zima lipi? Pamoja na wale wa kaskazini wenye majumba ya kutazama ziwa?"

"Pamoja nao."

"Kwa hiyo wananipima na watu wenye boti."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na nyongo. Maana yake ilikuwa wazi. Wengi wetu tuko chini sana ya kipimo, na hiyo kodi ya nafuu bado ni mlima. Kijana aliyetoka chuo kikuu jana, mwenye kazi yake ya kwanza mjini, yeye anaingia kwenye kipimo kama mguu kwenye soksi. Hilo liliniudhi na bado linaniudhi. Lakini halikuwa na madhara kwa Earline. Earline ni msimamizi wa zamu kwenye jiko la hospitali, mshahara wake ulitosha kodi ya Juniper. Kwake yeye shida ilikuwa moja, asivuke kipimo.

Na hapo Bi. Kimbrough akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Kipimo kinapanda kwa idadi ya watu. Mtu mmoja ana chake, wawili wana chao kilicho juu zaidi. Kwa hiyo mwandike kila mtu anayelala humo ndani. Tafadhalini. Kila mtu."

Earline alikuwa wapi? Alikuwa nyuma kwenye meza ya chakula, analinda pai yake ya pichi asije mtu akachukua vipande viwili.

*

Wiki iliyofuata alirudi kutoka ofisini anapepea kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Nimemaliza kila kitu, Marvella. Waliniuliza, nikawajibu, nikatia saini."

"Na Thurman je, alitia saini?"

"Thurman wa nini? Nimewaambia naishi peke yangu."

Nilikuwa nimeshika sufuria, nikaiweka chini isije ikaniponyoka. "Earline. Mwanamke wewe. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Aliniuliza nani anaishi nyumbani kwako, nikasema mimi tu. Ofisi ni ofisi, Marvella. Hujawahi kuishi kwa ofisi, wewe."

Na hilo ni kweli, mimi nililelewa kwenye nyumba ya babu yangu. Earline alilelewa kwenye yale majengo marefu ya serikali yaliyokwisha kubomolewa. Enzi hizo mama akipokea msaada wa watoto hakuruhusiwa kuwa na mwanamume ndani. Mwanamke wa ofisi alikuwa akija bila taarifa. Anafungua kabati, anachungulia chini ya kitanda, ananusa mito akitafuta harufu ya mafuta ya nywele ya kiume. Akikuta kiatu kimoja tu cha mwanamume, msaada umekatwa na watoto wanalala njaa. Kwa hiyo baba yake Earline, mtu mwenye ndoa halali na kazi ya vibarua, kila hodi ilipobishwa alishuka ngazi na viatu mkononi. Watoto walipangwa mstari wakaulizwa nani anaishi humu, nao wakajibu kwa pamoja kama wanasoma aya ya kanisani: "Mama na sisi tu, bibi. Hakuna mwanamume humu ndani."

Sheria ile ilikufa Earline akiwa bado msichana mdogo. Lakini mama yake hakuamini kuwa imekufa, na Earline hakuamini kwa sababu mama yake hakuamini. Thurman alipohamia kwake, wote wakiwa vijana, alimwomba waoane. Akamwomba tena. Earline alimpenda, hilo msilitilie shaka hata kidogo. Lakini kila mara jibu lilikuwa lilelile: "Tukiandikishana watajua." Watajua nani? Watajua nini? Yeye mwenyewe hakuwa akijua. Bili ya umeme ikawa kwa jina la Earline. Gesi, simu, mkataba wa nyumba, vyote Earline. Barua za Thurman zilikwenda kwa dada yake huko mji wa Gary, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, na kila mwezi alipanda gari kwenda kuzichukua.

Sasa niulizeni mimi nilikuwa na hasira na nani. Nilikuwa na hasira na wote! Na wale waliotunga sheria ya kunusa mito ya watu. Na Earline, anayemtii mwanamke wa ofisi aliyekufa zamani. Na Thurman, anayeshuka ngazi badala ya kukaa chini akasema sitoki. Na nyinyi pia, maana ukiwauliza wapangaji wa mtaa huu nani anakaa nao, nusu yenu mtataja paka kabla ya kumtaja mwanamume.

*

Jibu lilikuja kwa simu. Bi. Kimbrough mwenyewe alipiga, kwa heshima ya mama yake. Mimi nilikuwa jikoni kwa Earline, nikaona uso wake ukibadilika.

"Nimezidi? Nimezidi nini?" alisema. Kisha: "Mimi? Mimi na goti hili nimekuwa tajiri?"

Alipokata simu alikaa. Kipato chake kilikuwa kimevuka kipimo cha mtu mmoja, tena kwa kiasi kidogo cha kuudhi.

"Kwa mtu mmoja wewe ni tajiri," nilimwambia. "Kwa watu wawili wewe ni mwenzetu kabisa. Hana mshahara Thurman! Mwandike Thurman, mwanamke, kipimo kinapanda, unaingia!"

"Amesema kama kuna mtu nilimsahau, niende naye Alhamisi. Atoe kitambulisho, tutie saini wote wawili mbele yake kwamba tunaishi pamoja. Amesema hiyo itatosha."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Ni mtego, Marvella."

"Mtego! Huyo binti umembadilisha nepi!"

"Mtego si wake. Ni wa ofisi. Nikimtaja Thurman watasema nilidanganya mara ya kwanza. Watanikata. Watakuja kuangalia kabati."

Thurman alikuwa ameegemea mlango muda wote huo, na hakuna aliyemwona. Akachukua kofia yake, akatoka kwenda kutembea, nami nikamfuata maana sikutaka kumpiga Earline kwa sufuria.

Pale nje ya Juniper tulimkuta Tanner. Tanner ni mmoja wa wageni, walikuwa wamehamia upande uliokamilika mapema. Kijana mweupe mwenye ndevu, mwenye mbwa wa rangi ya tangawizi. Nilitaka sana kumchukia, lakini ananisaidia kubeba mifuko na anasalimia vizuri. Hilo nalo linaudhi.

"Mzee Thurman! Mnahamia lini? Tunawasubiri!"

"Bado wanatuangalia," Thurman alisema.

"Nyinyi waandikeni wote tu. Sisi tuliandika kila mtu. Mimi, mchumba wangu, hata Biskuti hapa. Walitaka picha yake na cheti cha chanjo. Ana faili lake kabisa." Akamkuna mbwa nyuma ya sikio. "Si ndiyo, mzee wangu? Wewe ni mpangaji halali."

Thurman aliinama akampapasa mbwa yule kwa muda mrefu. Alimwuliza Tanner mbwa anakula nini, wakazungumza habari za chakula cha mbwa kama watu wawili wenye akili. Tulipoachana naye, kwenye taa za barabarani Thurman akasimama.

"Marvella, mbwa ana faili."

"Achana nayo, shemeji."

"Mbwa ana faili na mimi sina. Nimelala kwenye nyumba ile ujana wangu wote mpaka mvi. Nimepaka rangi kila ukuta. Nikifa leo, nani atasema nimefia wapi?"

Jioni ile alimwambia Earline maneno hayohayo mbele yangu na Claudine. Hakupaza sauti. Alisema: "Sitaki jumba, mama. Sitaki hata hiyo Juniper yao. Nataka useme mbele ya mtu kwamba unaishi na mimi. Siku moja tu. Ukisema hivyo, hata wakitunyima nitalala nawe chini ya daraja na sitalalamika."

Earline alilia. Akamshika mikono. "Nitasema, baba. Alhamisi nitasema. Na tukitoka pale tunapita kuandikisha ndoa, mbele ya hawa mashahidi."

"Usinichekeshe," Thurman alisema, lakini alikuwa anacheka tayari, machozi yanamtoka, na Claudine naye, na mimi mwenye roho ngumu nikajikuta natafuta kitambaa.

*

Alhamisi ilifika. Thurman alikwenda kunyoa asubuhi na mapema. Akavaa suti ya kijivu anayovaa kwenye mazishi, tai nyekundu ili isifanane na mazishi, na kofia yake nzuri. Earline alivaa gauni la kwaya la Pasaka. Mtu angewaona angedhani ni wazazi wa bibi arusi. Nami nilikwenda nao, maana nilikuwa simwamini Earline hata kwa hatua mbili.

Tulikuta Bi. Kimbrough hayupo. Alikuwa amefiwa, amekwenda kuzika. Kwenye kiti chake alikaa kijana kutoka makao makuu ya kampuni, beji inaning'inia shingoni. Hakuwa mkorofi. Nataka mlijue hilo. Alisimama, akatukaribisha, akatoa maji. Earline na Thurman wakakaa mbele yake, mimi nikakaa kwenye benchi nyuma yao.

Akafungua faili, akasoma kidogo. Halafu bila kuinua kichwa akauliza, "Nani anaishi humo nyumbani, mama?"

Niliona mabega ya Earline yakipanda. Nikasema moyoni, sema sasa, sema.

Kijana akainua macho, akamtazama Thurman. "Na huyu bwana? Unaishi naye?"

"Huyu?" Earline akasema. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya mtoto aliyepangwa mstarini. "Hapana, bwana. Ni jirani tu. Amenisindikiza."

Nilitaka ardhi ifunguke. Nilitaka kuruka kutoka kwenye benchi lile nimzibe mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka na lilikuwa limekaa pale mezani katikati yao. Earline mwenyewe aliweka mkono kinywani kana kwamba amemsikia mtu mwingine akisema.

Kijana akamgeukia Thurman, kwa adabu. "Ni hivyo, bwana?"

Thurman alikuwa ameweka kofia yake gotini. Aliichukua, akaitazama ndani, akaivaa polepole na kuiweka sawa.

"Mama huyu ni mkweli," alisema. "Mimi ni jirani yake. Ujirani wetu ni wa siku nyingi."

Akasimama, akampa kijana mkono, akaniinamishia kichwa mimi, akatoka.

"Thurman!" Earline alipiga kelele. "Thurman, ngoja! Ni ulimi! Ni ulimi tu!" Akamgeukia kijana. "Huyo ni mume wangu! Andika, ni mume wangu!"

"Mna cheti cha ndoa?"

"Hatuna."

"Bili yoyote yenye jina lake kwenye anwani yako? Barua?"

Earline alinitazama mimi. Miaka yote ile alikuwa ameisafisha nyumba yake isibaki hata unywele wa Thurman, na kazi ile aliifanya vizuri mno.

"Mama," kijana alisema, na nadhani alimhurumia kweli, "kama angekaa akatia saini, ningeandika. Lakini siwezi kumwandika mtu aliyejikana mwenyewe mbele yangu. Wakaguzi wakija nitawaambia nini?"

Nilimkimbilia Thurman nje. Kwa umri wangu huu nilikimbia. Nilimkuta kituo cha basi, nikamtukana. Nilimwambia, "Mjinga wewe, rudi ndani! Ameteleza tu! Unaacha nyumba kwa sababu ya kiburi?"

"Si kiburi, Marvella."

"Ni nini basi?"

"Nimechoka," alisema. Basi likaja, akapanda.

*

Chumba alichokosa Earline pale Juniper wamekipata wasichana wawili wa ofisini, wapole, wameweka maua dirishani. Mimi na Claudine tulikubaliwa, tuko ghorofa moja nao, kwa sababu tulipoulizwa tulisema sisi ni wawili. Nimewapelekea keki. Kila nikipita mlango ule damu inanichemka, na maskini hawajanikosea kitu.

Earline amepanga chumba cha chini ya ardhi kwenye mji mdogo kule ambako treni inakomea. Anaamka kabla ya jogoo kuwahi zamu hospitalini. Kwaya anakuja akiweza, na akija anachelewa, na sauti yake imeshuka.

Thurman yuko Gary kwa dada yake. Nilidhani atakaa wiki moja hasira zipoe, arudi. Hakurudi. Hajamtukana Earline, hajamsema vibaya kwa mtu yeyote. Akipigiwa simu anapokea. Earline ameniambia mwenyewe, amekaa kwenye kochi langu, amekumbatia mkoba wake. Anasema Thurman anamuuliza habari za kazi, anamuuliza habari za goti, anamtakia siku njema, kisha anaaga.

"Anaongea na mimi kwa adabu, Marvella," alisema. "Kama jirani."

FUNZO

Ndugu zangu, walionusa mito ya mama zetu walikuwa wabaya, na sitaki mtu asahau. Waliwafundisha watoto kuwakana baba zao kabla hawajajua kusoma. Na hawa wa leo wanaojenga kwa nafuu ya kodi, wakaziita nyumba za nafuu wakati kipimo wamekitoa kwa watu wenye boti, nao wajue tunawaona. Mzee Cleotha bado anasubiri jibu lake, na tuendelee kuwauliza kila mkutano mpaka waone haya. Na kwenye mikutano hiyo tukae mbele tusikilize. Pai itajilinda yenyewe.

Lakini leo nazungumza na sisi. Uongo uliowaokoa wazazi wetu ndio unaotuhamisha sisi mtaani. Sheria ilishakufa, sisi tunaendelea kuitii ndani ya nyumba zetu, na wageni wasio na hofu hiyo wanaandika kila chenye pumzi na kuingia. Ukimficha mtu wako siku zote kwa ajili ya ofisi, usidhani ofisi ndiyo pekee inayodanganyika. Yeye mwenyewe anasikia. Anasikia kila mara, hata akicheka, hata akishuka ngazi bila kununa, na iko siku atakuamini.

Kwa hiyo wakikuuliza nani anaishi nyumbani kwako, wataje. Wataje kwa majina yao yote, kwa sauti, na uanze na yule anayelala ubavuni mwako.